Kwa nini asumini haishindi

Mashindano ya bustani za majumbani mtaani kwetu hapa Maskati hufanyika Februari, na majaji hupita asubuhi. Hapo ndipo asumini za bibi zetu zinapopoteza. Asumini hutaka joto, na hutoa maua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo tunaipogoa mwezi wa Januari. Februari bado ni vijiti. Hata ikiwahi kuchanua, matumba yake hufunguka jua likishatua; jaji wa saa nne asubuhi atanusa nini?

Zawadi huchukuliwa na petunia zilizonunuliwa wiki moja kabla, ambazo hazitafika Julai, joto linapopita digrii 40. Asumini yetu, ikipata maji alfajiri na kivuli cha alasiri, inavuka. Mrehani nao majaji huuhesabu mboga! Bila ya hivyo viwili kikuba hakifungiki, na watoto waliozaliwa huku watakijua kwa picha tu.

Nimewaomba waandaaji mwakani tushindane Aprili, baada ya Magharibi, na harufu ipewe alama zake. Majirani wenye asumini, nanyi waambieni.