Jiko Jipya la Wanafunzi Wawili: Hatua za Upishi Zisizopaswa Kupunguzwa

Watu wawili wakioana wangali masomoni, kila mmoja huja na jiko la kwao. Tuchukue mfano wa mume aliyelelewa Bukoba kwa ndizi na maharage, na mke aliyelelewa Tanga kwa wali wa nazi na kisamvu. Wamepanga chumba kimoja jijini Dar es Salaam, karibu na chuo. Wana jiko dogo lililofungwa juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria tatu, mwiko na ndoo mbili za maji. Friji hawana. Miezi ya mwanzo walikula kwa mama lishe. Fedha za mkopo zilipoanza kupungua kabla ya muhula kwisha, walikubaliana kupika nyumbani: kila mmoja amfundishe mwenzake vyakula vya kwao, na vingine wajifunze kwa kutazama video katika simu.

Tunauunga mkono uamuzi huo. Anayepika mwenyewe anajua alichonunua, anajua kiasi cha mafuta na chumvi alichotia, na mara nyingi hutumia fedha kidogo zaidi. Hata hivyo, tumeona ni vyema kuwaandikia wasomaji walio katika hali kama hiyo, kwa sababu moja kubwa. Mtoto anayekaa jikoni na mama au bibi yake hujifunza hatua nyingi bila kuambiwa. Huona maharage yakilowekwa tangu usiku. Huona kisamvu kikichemshwa sufuria ikiwa wazi. Hakuna anayemweleza sababu, wala haihitajiki maadamu hatua inafuatwa. Anayejifunza ukubwani, kwa kumpigia mama simu au kwa video ya dakika tatu, hupewa viungo na vipimo tu. Hatua zile huachwa bila kutajwa, au huonekana kuwa mazoea ya watu wa kale. Naye akiwa na kipindi cha asubuhi, au mtungi unakaribia kwisha, hizo ndizo hatua anazozikata kwanza.

Makala haya yanaeleza sababu za baadhi ya hatua hizo. Mlaji anayejua sababu hujua pa kubana matumizi na pasipobanwa.

Maharage yaloweshwe, kisha yachemke kwelikweli

Tuseme zamu ya kwanza ilikuwa ya mume. Alinunua nusu kilo ya maharage mekundu, akayabandika bila kuyaloweka, na ili kuokoa gesi akayaacha juu ya moto mdogo sana. Yalipolainika kidogo akayaunga pamoja na ndizi. Saa chache baada ya kula, wote wawili walianza kutapika, kisha kuhara. Asubuhi yake mke alikuwa na mtihani. Walimlaumu mwenye duka kwa kuwauzia maharage mabovu.

Maharage hayakuwa mabovu. Maharage makavu, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali. Moto mdogo usioyafikisha maji kwenye mchemko hauiondoi sumu hiyo, na huweza hata kuiongezea nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri maharage yalowekwe kwa muda usiopungua saa 12, kisha yachemshwe kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10. Maji ya kulowekea yamwagwe, na ya kupikia yawe mengine.

Hapa usalama na ubanaji wa matumizi vinakwenda pamoja. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko makavu, na hivyo hula gesi kidogo. Baada ya mchemko ule mkali, moto unaweza kupunguzwa na sufuria ikafunikwa mpaka yaive. Dakika 10 za mwanzo ndizo zisizopunguzwa.

Kisamvu si mchicha

Zamu ya mke ilipofika, mume alipendekeza kisamvu kikaangwe harakaharaka kama mchicha ili wawahi maktaba. Mke alikataa, ingawa hakuweza kueleza kwa nini. Alikuwa na haki ya kukataa.

Majani na mizizi ya muhogo ina kemikali za asili zinazoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Kutwanga huyavunja majani na kuiachilia sumu hiyo. Kuchemsha huipeperusha pamoja na mvuke. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa kikalainika, kikachemshwa kwa muda wa kutosha sufuria ikiwa wazi, ndipo tui litiwe mwishoni. Hata kinachonunuliwa sokoni kikiwa kimetwangwa bado kinahitaji kuchemshwa hivyo.

Mizizi nayo hutofautiana. Muhogo mtamu humenywa na kupikwa ukaiva. Muhogo mchungu hauwi salama kwa kuchemshwa tu. Wanaoulima huuloweka kwa siku kadhaa, wakauanika na kuusaga. Hatua hizo zikikatwa, madhara yake ni makubwa. Katika miaka ya 1980 wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Wakati huo wa ukame, muhogo mchungu ndio uliokuwa chakula chao kikuu, na ulikuwa ukiandaliwa kwa siku chache kuliko kawaida. Mlaji asiyejua aina ya muhogo anaonunua amuulize muuzaji, na autupe ule anaoonja uchungu ndani yake.

Wali uliolala

Wapishi wapya hukosea vipimo. Vikombe vitatu vya mchele huonekana kidogo vikiwa vikavu, na usiku wali hubaki nusu sufuria. Desturi yetu ni kuufunika na kuula kiporo asubuhi pamoja na chai.

Katika mchele kuna bakteria wanaoweza kujifunga ndani ya ganda gumu linalostahimili mchemko. Wali unapokaa katika joto la chumba, ganda hilo hufunguka, bakteria huongezeka na kutoa sumu. Kupasha kiporo moto asubuhi kunaweza kuwaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haivunjwi na moto wa kupashia. Harufu nzuri ya wali haitoi uthibitisho wowote wa usalama wake.

Kanuni inayotumika kwa vyakula vilivyopikwa ni kwamba visikae katika joto la chumba zaidi ya saa 2. Wenye friji wautawanye wali kwenye chombo kipana upoe upesi, wauingize humo, na kuupasha mara moja tu mpaka uwe wa moto kotekote. Wasio na friji wapike wa kutosha mlo mmoja. Ni afadhali kupima mchele kwa kikombe kilekile kila siku na kuandika kiasi kilichowatosha kuliko kutegemea kiporo, hasa cha wali wa nazi, ambao huchacha mapema.

Kuku, kisu na kachumbari

Siku ya pilau ya kuku, chumba kimoja hutumika kwa kila kazi. Ubao uliokatiwa kuku mbichi ndio unaokatiwa nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku ataiva na vimelea vyake vitakufa. Kachumbari haipikwi, hivyo vimelea vilivyohamia huko vitaliwa vikiwa hai.

Wasio na mbao mbili wakate kachumbari kwanza, waifunike, ndipo wamshike kuku. Baada ya hapo ubao, kisu na mikono vioshwe kwa maji na sabuni. Kuku asioshwe chini ya bomba lenye nguvu, kwa kuwa matone yanayoruka husambaza vimelea kwenye vyombo vya jirani. Nyama na ifikie nyuzi joto 70 katikati yake. Asiye na kipimajoto atazame kama majimaji yanayotoka karibu na mfupa hayana wekundu.

Sumu isiyoondolewa na jiko

Mpaka hapa tumezungumzia madhara yanayozuiwa kwa moto, maji na usafi. Liko moja ambalo hatua yake haipo jikoni, ipo dukani. Ni sumukuvu, sumu inayotolewa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Moto wa kawaida wa kupikia hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ugonjwa huo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo anayejifunza kupika mchuzi wa karanga azichambue kabla ya kuzisaga, na kuzitupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu. Asikubali kuuziwa karanga za kusaga zinazouzwa kwa bei ya chini bila kuonyeshwa zilivyokuwa kabla ya kusagwa. Kwa kuwa sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho, kwa unga na bidhaa zilizofungashwa tunashauri kutazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina na anwani ya mzalishaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyumbani, unga na nafaka vihifadhiwe mahali pakavu, juu ya sakafu.

Gesi na mkaa katika chumba kimoja

Mtungi una uzito wake ukiwa mtupu, na uzito huo huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ikiwa umeandikwa kilo 7 na gesi ni kilo 6, mizani inapaswa kusoma kilo 13. Mlaji aombe mtungi upimwe mbele yake kabla ya kulipa. Maombi hayo si dharau kwa muuzaji. Ni haki ya mnunuzi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hujikusanya sakafuni, mahali hasa ambapo wanafunzi wengi hutandika godoro. Baada ya kufunga jiko kwenye mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, panavuja. Mkisikia harufu ya gesi msiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Fungeni mtungi, fungueni mlango na madirisha, kisha mtoke nje.

Gesi ikiisha, wengine huingiza jiko la mkaa ndani kwa sababu ya mvua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa libaki nje, hata likionekana kuwa limekwisha moto.

Pa kubana matumizi

Ziko njia za kupunguza gharama zisizogusa usalama. Mapishi mapya hudai viungo vingi: nunueni iliki, mdalasini na bizari kwa kiasi cha mlo mmoja au miwili, kwa kuwa pakiti kubwa hupoteza harufu kabla ya kwisha. Linganisheni bei kwa uzito, si kwa ukubwa wa pakiti. Kwa mfano wa hesabu, gramu 100 kwa shilingi 1,000 ni sawa na shilingi 10,000 kwa kilo, ilhali gramu 500 kwa shilingi 4,000 ni sawa na shilingi 8,000 kwa kilo. Lakini bei ya kilo haina faida ikiwa nusu ya pakiti itaharibika. Penye mizani, pimeni kwa mizani badala ya kukadiria kwa bakuli au fungu.

Mkiuziwa bidhaa mbovu

Acheni kuitumia, lakini msiitupe. Tunzeni bidhaa, kifungashio na risiti, na andikeni tarehe na mahali mliponunua. Anzeni kwa muuzaji. Msiposikilizwa, malalamiko kuhusu ubora na usalama wa chakula Tanzania Bara hupelekwa TBS, iliyokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019. Kuhusu mizani na ujazo, kwa Wakala wa Vipimo. Na kuhusu bidhaa bandia, kwa Tume ya Ushindani (FCC). Aliyeugua atangulie kituo cha afya na aeleze alichokula na saa aliyokila.

Wanandoa wa mfano wetu walipojua sababu ya ugonjwa wao, iliwapasa kurudi kwa mwenye duka na kumwomba radhi. Tunawashauri walio kama wao wafanye jambo jingine jepesi. Kila mnapojifunza chakula kipya, muulizeni anayewafundisha maswali mawili: ni hatua gani kwenu haiachwi, na ikiachwa hutokea nini? Andikeni majibu kwenye karatasi na kuibandika karibu na jiko. Mama aliyeko Bukoba au Tanga huenda asijue jina la sumu iliyomo katika maharage, lakini anajua kwamba hulowekwa tangu usiku, na atafurahi kuulizwa.