Tope Lisiporudi

Keekee ikishafika mita 1,000 chini ya ardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha, hakuna anayeiona tena. Msimamizi wa uchimbaji hukijua kisima kwa kile kinachopanda kutoka humo: tope, ambalo pampu hulisukuma kupitia ndani ya mabomba ya kuchimbia hadi kwenye keekee, likarudi juu na vipande vya mwamba. Tope hilo hupoza keekee na kusafisha shimo, na uzito wake huzuia mvuke usifyatuke. Ndiyo maana macho ya msimamizi hayabanduki kwenye tangi. Ujazo ukianza kupungua, ardhi inalinywa.

Hapo ndipo ninapoiheshimu sana kazi hii, kwani dalili ni ileile ila maana yake hubadilika kulingana na kina. Tope likipotea kwenye mita 300, ni balaa. Ufa uliolimeza utameza pia saruji inayotakiwa kushikilia bomba la ukuta wa kisima. Saruji isipojaa, maji yakanaswa kati ya bomba na bomba, siku kisima kitakapopata moto maji hayo yatatanuka, yakose pa kwenda, yalibonyeze bomba la ndani hadi lijikunje. Kisima cha fedha nyingi kinaharibika hivyo. Basi msimamizi husimamisha uchimbaji, ufa huzibwa, saruji humiminwa kutoka juu mara kadhaa, na kila mara lazima isubiriwe igande, hata kama gharama za mtambo zinahesabiwa kwa siku na wakubwa wanapiga simu.

Kwenye mita 2,000, upotevu huohuo ni habari njema: nyufa zinazokunywa ndizo zitakazotoa mvuke. Bomba la huku huwa na matundu, halizungushiwi saruji, na mara nyingi sehemu hii huchimbwa kwa maji na povu ili mapito yasizibwe na tope. Hata hivyo, vipande visipopanda huweza kutuama na kuyabana mabomba ya kuchimbia, kwa hiyo furaha haimruhusu mtu kulegea.

Mwanajiolojia naye huchukua sampuli ya vipande kila mita 2. Akiona chini ya hadubini punje za kijani za epidoti, anajua mwamba ule umewahi kupata joto la takriban nyuzi 240 au zaidi. Msimamizi hupokea taarifa hiyo, hutazama tangi, ndipo huamua bomba linalozungushiwa saruji likomee wapi.