Kikanyagio cha Gitaa: Nguvu Hutoka Wapi?

Uzi wa chuma wa gitaa unapotetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo ni hafifu. Ndiyo sababu wapigaji wengi hununua kikanyagio cha kuuongezea nguvu kabla haujafika kwenye amplifaya.

Ndani yake mna transista inayolishwa na betri ya volti 9. Ongezeko la desibeli 20 huzidisha volti mara 10: volti 0.1 huwa volti 1. Lakini amplifaya ina kikomo. Wimbi likikizidi, vilele vyake hukatwa, na ndipo utokeapo mkwaruzo upendwao katika muziki wa roki. Basi, anayetafuta sauti kubwa tu atapoteza fedha zake iwapo amplifaya yake imekwisha kufika kikomo.

Mnunuzi na akumbuke pia kwamba kikanyagio hukuza mvumo wa waya mbovu sawasawa na muziki. Akitumia adapta, volti zake na mpangilio wa chanya na hasi vilingane na vya kikanyagio. Zaidi ya yote ayahifadhi masikio, kwani hayanunuliwi dukani.