UZI: "Hawakuchangia, mbona walipwe?" Tuongee kuhusu pensheni, Inua Jamii na haki kwa wazee

1. Siasa zikianza kupamba moto, wazee hawakosi kwenye ahadi. Huyu ataongeza pesa, yule atashusha umri. Halafu sisi huku mtandaoni tunagawanyika: "Pensheni ni jasho la mtu, hiyo ingine ni pesa ya bure." Nasomea sayansi ya siasa na hii hoja imenifuata mpaka nyumbani. Shuka nami polepole.

2. Guka wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Dada yake mdogo, ambaye namwita shosho, aliuza mboga soko la Karatina karibu maisha yake yote. Walizaliwa boma moja. Karo ilitosha mtoto mmoja tu, na ikaenda kwa kijana. Enzi hizo hakuna aliyeuliza kwa nini.

3. Guka alistaafu 2006 akiwa na miaka 55, umri wa kustaafu wa wakati huo (2009 ukapandishwa hadi 60). Shosho akaendelea kuamka saa kumi usiku kuwahi mzigo wa sukuma wiki. Alifikisha miaka 70 mwaka 2023, akajiandikisha kwa chifu, akangoja zaidi ya mwaka. Ndugu wawili, migongo miwili iliyochoka. Mmoja alianza kulipwa na serikali akiwa na 55, mwingine baada ya 70.

4. Sasa tuelewe mifumo yenyewe, juu watu wengi huichanganya. Iko mitatu mikubwa.

Wa kwanza ni pensheni ya watumishi wa umma. Chini ya sheria ya zamani, kila mwezi uliofanya kazi unahesabiwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wako wa mwisho. Mfano: mshahara Sh40,000, kazi miaka 30, yaani miezi 360. Hiyo ni robo tatu: Sh30,000 kwa mwezi. Ukichukua robo yake kama kiinua mgongo cha mara moja (hapa Sh1.8 milioni), unabaki na Sh22,500 kila mwezi hadi kifo.

5. Wa pili ni NSSF, iliyoanza 1965. Wewe unakatwa, mwajiri anaongeza. Shida ni kwamba kwa miaka mingi makato yalikuwa madogo sana: hadi mwanzoni mwa 2023 wengi walikuwa wanaweka Sh200, mwajiri Sh200. Sasa ni asilimia 6 kwa kila upande, na kuna kikomo. Kwa hivyo usishangae mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka 25 akitoka na pesa za kununua ng'ombe wachache.

6. Wa tatu ni Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi. Ulianza kwa wazee wa familia maskini zaidi, na 2018 ukafunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 na hana pensheni nyingine ya serikali. Mara nyingi pesa huja zikiwa zimerundikana za miezi kadhaa, na tarehe huijui mpaka simu ilie.

7. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi Kenya wako kwenye kazi zisizo rasmi. Mama mboga, fundi wa jua kali, mtu wa bodaboda, kibarua wa shamba. Wengi wao wataishia mfumo wa tatu. Ukisema "hao wa bure", uwezekano ni kwamba unamsema mamako.

8. Turudi kwa "hawakuchangia". Hapa ndipo wengi hushtuka: guka pia hakukatwa shilingi kwenye mshahara kwa ajili ya pensheni yake. Mfumo wa kuchangia kwa watumishi wa umma ulianza Januari 2021, ambapo mfanyakazi hufika asilimia 7.5 na serikali huweka 15. Kabla ya hapo pensheni ilitoka, na kwa waliostaafu bado inatoka, kwenye kodi za mwaka huo huo.

9. Simaanishi guka anakula cha bure. Yeye mwenyewe huniambia, "Nilikubali mshahara mdogo kwa sababu niliahidiwa uzee." Ni kweli. Ilikuwa sehemu ya mkataba, na kuna walimu wastaafu ambao wamezungushwa miaka kwa haki yao. Asiyeheshimu hiyo ahadi anavunja neno la serikali.

10. Lakini kodi inayolipa hiyo ahadi, shosho pia ameitoa. Kila sabuni, kila chupa ya mafuta ya kupikia, kila kredo ya simu ina kodi ndani. Na tiketi ya kanjo pale sokoni alikata kila siku, auze asiuze. Kwa miaka karibu ishirini shosho alikuwa anasaidia kulipa pensheni ya kakake. Yake bado.

11. Tofauti kubwa iko kwenye foleni. Pensheni ya guka iko kisheria kwenye mfuko mkuu wa serikali: inatolewa kabla wabunge hawajaanza kugawana bajeti. Inua Jamii hungoja bajeti ya kila mwaka, na pesa zikiwa haba Hazina, inasukumwa nyuma. Pia pensheni ya guka huongezwa asilimia 3 kila miaka miwili. Ni kidogo, lakini iko. Sh2,000 ya shosho imebaki Sh2,000 kwa zaidi ya miaka kumi. Unga haukubaki palepale.

12. Kuna msaada mwingine ambao hatuuiti msaada. Tangu mwisho wa 2024, mwenye mshahara anaweza kuweka hadi Sh30,000 kwa mwezi kwenye mpango wa pensheni na pesa hiyo isikatwe kodi (awali ilikuwa Sh20,000). Kwa anayelipa kodi ya asilimia 30, hiyo ni Sh9,000 anazosamehewa kila mwezi. Akifika umri wa kustaafu, pensheni yake pia haitozwi kodi. Serikali inasamehe Sh9,000 kwa mtu anayeweza kuweka akiba ya Sh30,000, halafu tunabishana kama Sh2,000 za shosho zitaharibu watu.

13. "Na marupurupu ya wakubwa je?" Ni swali halali. Sheria ya 2003 inampa rais mstaafu pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliyeko, pamoja na magari na wafanyakazi. Inakera, nakubali. Lakini hao unawahesabu kwa vidole. Mgombea anayekuambia atawanyang'anya hao ndio alipe wazee wote, mwombe kikokotoo.

14. Hesabu yenyewe ni hii. Sh2,000 mara miezi 12 ni Sh24,000. Wazee milioni moja ni Sh24 bilioni kwa mwaka. Ukiongeza elfu moja tu kwa kila mmoja, tafuta bilioni 12 zaidi. Sensa ya 2019 ilipata watu kama milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Ukilipa wote Sh2,000 unafika karibu Sh65 bilioni. Si mchezo.

15. Wengine wanasema basi tulipe maskini tu. Naelewa. Ila nani anaamua maskini? Orodha ikiandikwa kijijini, mwenye kujuana anaingia, na mjane aliye ndani ya nyumba ya mabati ya mtoto wake anaambiwa ana uwezo. Umri angalau unaonekana kwenye kitambulisho.

16. Katiba yetu, Kifungu cha 260, inamtambua mzee kuanzia aliyepita miaka 60. Kifungu cha 57 kinasema aishi kwa heshima na apate utunzaji wa kiasi kutoka kwa familia NA serikali. Kwa hivyo kati ya 60 na 70, kwa watu kama shosho, upande wa serikali uko wapi?

17. Msimamo wangu: tusiguse ya guka. Tuipe ya shosho mambo mawili aliyonayo guka, yaani nafasi ya mbele kwenye foleni kwa sheria, na nyongeza inayofuata bei. Umri ushuke polepole, 68, 65, kadiri pesa zinavyopatikana. Na pa kwanza pa kutafuta ni ule msamaha wa kodi wa wenye mishahara minono.

18. Ukikutana na mgombea, muulize matatu. Pesa itatoka wapi? Itakuwa kwenye sheria au kwenye mkutano wa hadhara tu? Na bei zikipanda, itapanda?

19. Miezi ile Inua Jamii inachelewa, dawa za presha za shosho hununuliwa na guka. Anatoa kwenye pensheni yake bila kelele. Mwaka jana nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Hiyo karo ilikuwa ya sisi wawili."

20. Wako wengi sokoni ambao hawana kaka mwalimu. Kwenu wazee wanaishije? Nijibu hapa chini, hata kama unanipinga. Matusi peleka kwingine.