Kanisa la Msonge Kilimani Bujora

Wasomaji wetu wa hapa Kamunyonge, na ndugu zetu wa Ukerewe wanaovukia Kisorya na kushika barabara ya Bunda, wengi wamekwisha kupita Kisesa, kilomita zipatazo 20 kabla ya Mwanza, bila kugeuza shingo. Karibu na hapo, juu ya kilima cha Bujora, lipo kanisa Katoliki ambalo kila mtumishi wa umma anayeidhinisha ramani ya jengo angefaa kulitazama.

Kanisa hilo ni la mviringo. Lilijengwa mwaka 1958 na Padre David Clement, Mkanada wa Quebec, wa Shirika la Mapadre Weupe, ambaye Usukumani alijulikana kwa jina la Fumbuka. Enzi zile kanisa la heshima lilikuwa sharti lifanane na ya Ulaya. Padre huyu alichukua umbo la nyumba ya msonge, na ndani akatumia alama za utemi. Ikumbukwe kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliozifungulia mila za mataifa mlango wa ibada, ulianza mwaka 1962. Bujora ilikuwa imekwisha tangulia.

Sisi tuliosomea chuoni, juzuu mkononi, hatuna altare ya kutetea. Lakini twajua kuwa misikiti ya kale ya pwani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na haikupungukiwa na utukufu. Kudhani kwamba kitukufu lazima kitoke ng'ambo ni kasumba tu, na kasumba hiyo ingalimo katika majengo yetu ya serikali.

Kuna jambo jingine linalotugusa zaidi sisi watu wa chama. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1963 utawala wa watemi ukafutwa kisheria. Ulifutwa kwa haki, wala hatuulilii. Lakini ngoma zao na viti vyao vilikuwa na kosa gani? Usukumani vilipata pa kukaa. Katika makumbusho yaliyolizunguka kanisa hilo limo banda lenye sura ya kiti cha enzi, na humo zimehifadhiwa ngoma za kitemi. Ipo nyumba ya mhunzi na vyombo vyake, ipo ya mganga, na zimeonyeshwa namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi, kila rika na yake. (Nani angalidhani kwamba hesabu nayo ina rika?) Tena mambo hayo hayakufungiwa kabatini: katika sherehe za Bulabo, mwezi Juni, wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana hadharani.

Sasa twawauliza maofisa utamaduni wa wilaya zetu. Bukindo, yalikokuwa makao ya watawala wa Ukerewe, nani ameviorodhesha vilivyosalia? Na huku Mara, ngoma na ngao zilizobaki majumbani mwa wazee zimeandikwa katika daftari lipi? Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Yahitaji ofisa mmoja, kalamu, na safari ya kwenda kwa wazee wakati wangali hai.