Mkutubi wa Umma Anapokea Amri kwa Nani?

Askari akiulizwa anapokea amri kwa nani, hasiti kujibu. Koplo anamjua sajini wake, sajini anamjua afisa wake, na ngazi hiyo hupanda bila kukatika mpaka juu. Mkutubi wa maktaba ya umma akiulizwa swali lilo hilo, hapa Mbarara au katika mji mwingine wa Uganda, hana budi afikiri kwanza. Aliyemwajiri si yule amwelekezaye ufundi wa kazi yake, na amwelekezaye ufundi si yule ashikaye fungu la fedha. Hali hiyo haikuzuka kwa bahati mbaya, bali imeandikwa katika sheria. Katika makala haya tunakusudia kueleza ilivyopatikana, na kwa nini inawahusu ndugu zetu wa jeshi na wa polisi.

Inawahusu kwa sababu iliyo wazi. Mbarara ni mji wa askari. Pale Makenke pana makao makuu ya Divisheni ya Pili ya jeshi la UPDF, na mji huo huo ndio makao ya polisi wa mkoa wa Rwizi. Mtu wa kazi hii huhamishwa. Leo yuko kusini, mwakani atakuwa kaskazini, na watoto wake hubadili shule pamoja naye. Familia ya namna hiyo haiwezi kubeba kabati la vitabu juu ya lori kila uhamisho. Askari anayejisomea kwa ajili ya kozi, na mtoto wake anayejiandaa kwa mtihani, wote wawili wanahitaji mahali ambapo kitabu kipo tayari kabla wao hawajafika. Mahali hapo ni maktaba ya umma. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, ni mali ya chuo na ina utaratibu wake. Isichanganywe na ile ya umma.

Yafaa tukumbushe kwamba askari wa Afrika Mashariki wana sehemu yao katika chanzo cha maktaba hizi. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la King's African Rifles lilikuwa na kitengo chake cha elimu, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika Kiswahili wakiwa vitani. Yalichapwa magazeti kwa ajili yao, miongoni mwake moja likiitwa Askari na jingine Heshima. Vita vilipokwisha maelfu ya watu hao walirudi makwao, na serikali za kikoloni zikakabiliwa na swali gumu: watasoma nini? Mwandishi Elspeth Huxley alipewa kazi ya kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1948 likaundwa Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, likiongozwa na Charles Richards. Shirika hilo lilichapisha vitabu, na pia lilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Mwalimu au konstebo aliyekuwa katika kituo cha mbali aliandika barua, na kitabu kikamfuata.

Mwaka 1960 Sydney Hockey, aliyekuwa mtaalamu wa maktaba katika shirika hilo, alitoa taarifa juu ya maendeleo ya maktaba katika nchi zetu. Shauri lake kubwa lilikuwa kwamba kila nchi iwe na bodi moja ya taifa, iliyowekwa kwa sheria, yenye kujenga maktaba, kuzitia vitabu, kuziendesha na kuajiri watumishi wake. Shauri hilo lilikubaliwa. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Wakati huo huo, mwaka 1963, ilifunguliwa katika Chuo cha Makerere Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki, ili bodi hizo zipate maafisa wenye ujuzi. Kwa hiyo mkutubi wa Uganda wa miaka ile alikuwa na mkuu mmoja, nayo ni Bodi ya Maktaba za Umma. Bodi ndiyo iliyomwajiri, bodi ndiyo iliyompangia kituo, na bodi ndiyo iliyompelekea vitabu. Mwanajeshi yeyote angeutambua utaratibu huo mara moja.

Mwaka huo huo wa 1964 Uingereza nayo ilitunga sheria mpya ya maktaba, na hapo pana funzo ambalo hatuwezi kulipita. Sheria ya kwanza ya Waingereza, ya mwaka 1850, ilitoa ruhusa tu. Halmashauri ya mji iliyotaka maktaba iliruhusiwa kutoza kodi isiyozidi nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya nyumba, na hata hivyo fedha hiyo haikuruhusiwa kununua vitabu! Halmashauri isiyotaka ilikaa kimya, wala hapakuwa na wa kuiuliza. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo sheria ya 1964 ilipogeuza ruhusa kuwa wajibu, na kumpa waziri kazi ya kuzisimamia halmashauri zote. Askari anaijua tofauti hiyo kuliko raia. Aliyeambiwa "unaweza kulinda daraja" na aliyeambiwa "utalinda daraja" hawalali usiku ule kwa namna moja.

Tukirudi Uganda, bodi ile ilipita katika miaka migumu. Baada ya mapinduzi ya 1971 uchumi uliporomoka, fedha za kigeni za kununulia vitabu zikawa adimu, na wataalamu wengi wakaondoka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika la Maandiko likafa pamoja nayo. Mbarara yenyewe ilibomolewa kwa kiasi kikubwa katika vita vya mwaka 1979. Pamoja na hayo yote, sheria ya 1964 ilibaki katika vitabu vya sheria, na bodi ikabaki kuwa mwajiri, ingawa mikono yake ilikuwa mitupu.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na vita, bali yaliletwa na mpango wa kugatua madaraka, ulioanza mapema katika miaka ya 1990 na kukazwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Nia yake ilikuwa njema, nasi hatuipingi: wananchi wajiamulie mambo yao karibu na kwao. Kazi ya kuendesha maktaba za umma iliteremshwa kutoka kwenye bodi mpaka kwenye wilaya na miji. Kisha mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria iliyoifuta bodi na kuunda Maktaba ya Taifa ya Uganda. Maktaba ya Taifa ilipewa kazi ya kukusanya na kuhifadhi vitabu vinavyochapishwa nchini, kuweka viwango ambavyo maktaba za umma zitavifuata, na kuzishauri serikali za mitaa kitaalamu. Haikupewa uwezo wa kuajiri mkutubi wa wilaya, wala wa kuiamuru halmashauri itenge kiasi gani cha fedha.

Hebu tuitazame hali hiyo kutoka Kamukuzi. Kilima hiki ni kilima cha utawala tangu zamani. Hapa palikuwa na jumba la Omugabe wa Ankole mpaka falme zilipofutwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi ofisi za wilaya ya Mbarara zilikuwa hapa hapa. Mtumishi wa serikali ya mtaa, mkutubi akiwamo, huajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya. Tume hiyo imewekwa na Katiba ya 1995, nayo ndiyo yenye kumthibitisha kazini na kumwadhibu akikosa. Katika mji, mwenye dhamana ya fedha ni karani wa mji. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti. Viwango vya kazi na mashauri ya ufundi hutoka Kampala. Hesabuni wenyewe: huyu ni mtu mmoja, na waliosimama juu yake ni wanne.

Sasa tuseme maktaba haina viti vya kutosha. Mshauri wa Kampala atasema kiwango hakikufikiwa, naye atakuwa amesema kweli. Karani wa mji atasema fungu halipo, naye pia atakuwa amesema kweli. Diwani atasema wapiga kura wake wameomba barabara na zahanati, na hakuna aliyemwomba kabati la vitabu. Huyu naye hajadanganya. Kila mmoja ametimiza sheria, na mtoto wa koplo amesoma akiwa amesimama. Hapa hatumlaumu mtu. Tunaloona ni kwamba sheria ya 1964 ilimpa mkutubi mkuu mmoja maskini, na sheria za baadaye zikampa wakuu wengi ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuambiwa peke yake kwamba ameshindwa. Kwa maoni yetu hali ya kwanza ilikuwa afadhali, kwani umaskini unatibika, lakini lawama isiyo na mwenyewe haitibiki.

Wenzetu walichukua njia nyingine. Tanzania Bara ilitunga upya sheria yake mwaka 1975, lakini haikuivunja bodi. Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, pamoja na maktaba za mikoa, zimebaki chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mkutubi huweza kuhamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine kama afisa wa jeshi. Kenya imeelekea kwetu. Katiba yake ya mwaka 2010 iliziweka maktaba katika orodha ya kazi za kaunti, na tangu hapo umekuwapo mvutano mrefu juu ya nani awalipe watumishi waliorithiwa kutoka shirika la taifa.

Ugatuzi una jambo jingine ambalo watunga sheria hawakulitazama sana: mpaka wa wilaya ukisogea, maktaba haisogei. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na kwa miaka mingi yalikuwa ndani ya wilaya ya Mbarara. Isingiro ilipoanza kujitegemea kama wilaya mwaka 2006, Nakivale ikahesabiwa huko. Wanaoishi pale leo wanazidi laki moja, wengi wao wakitoka Kongo, na Kiswahili kinasikika kila mahali. Ndugu zetu polisi wanaolinda pale wanalijua hilo vizuri, maana ndiyo lugha wanayoitumia kupokelea mashtaka. Je, watu hawa wanadai kitabu kwa nani? Katiba, katika ibara ya 41, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini imesema raia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki sawa na wenyeji katika elimu ya msingi, wala haitaji maktaba. Mtoto wa Nakivale ana haki ya dawati la shule; kitabu cha jioni kinategemea ukarimu.

Lipo pia neno moja kwa polisi peke yao. Mpelelezi aweza kutamani kujua mshukiwa aliazima kitabu gani. Huko Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake za maktaba, jambo hili lilizua kelele kubwa. Mwaka 1987 ilifahamika kwamba maafisa wa FBI walikuwa wakipita katika maktaba za New York na kuwauliza wakutubi juu ya wasomaji wa kigeni. Wakutubi walikataa kusema, na karibu majimbo yote sasa yana sheria inayofanya daftari la azima kuwa siri mpaka mahakama iamue vingine. Uganda haina sheria ya namna hiyo iliyotungwa kwa ajili ya maktaba hasa. Lakini ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inalihesabu jina la msomaji kuwa ni habari yake binafsi. Sheria hiyo haizuii upelelezi wa makosa. Hata hivyo mkutubi anayetaka kuona maandishi kabla ya kufungua daftari lake hamkaidi afisa. Analinda mali aliyokabidhiwa, kama vile mlinzi wa ghala la silaha asivyomfungulia mtu kwa sababu tu amevaa sare.

Kwa wale wanaotaka kulifuatilia jambo hili Mbarara au penginepo, mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na mikutano ya kutayarisha bajeti za wilaya na miji hufanyika miezi mingi kabla ya hapo. Barua ya kuomba viti au vitabu vya Kiswahili iandikwe kwa karani wa mji, na nakala yake apewe mkutubi. Ikifika mwezi wa Juni, fungu litakuwa limekwisha kugawanywa.