Maji ya Tangi Yakiwa Meupe, Usifanye Haraka

Labda nawe ni mmoja wa wale wapendao kuwa na bahari ndogo nyumbani. Umenunua tangi la kioo, umetia mchanga na mawe, umelijaza maji ya chumvi. Asubuhi ya siku ya nne unaamka, nawe waona maji yamegeuka meupe kama tui la nazi. Fedha zimekwisha tumika, na watoto wanauliza, "Baba, samaki watakuja lini?"

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mmoja humwaga maji yote akaanza upya. Mwingine hukimbilia dukani kununua dawa. Wa tatu hutia samaki vivyo hivyo, na baada ya siku mbili huwaokota wamekufa. Kabla ya kufanya lolote, yakupasa kujua weupe huo umetoka wapi.

VUMBI LA MCHANGA

Maji yakichafuka saa ile ile ulipoyamimina, ni vumbi tu. Mchanga wa matumbawe una unga mwingi. Unga huu hauna sumu. Hutulia chini kwa siku moja au mbili, na pamba ya kuchujia hukamata uliobaki. Siku nyingine, osha mchanga mkavu katika ndoo mpaka maji yatoke safi. Tena, unapojaza tangi, laza sahani juu ya mchanga, umimine maji polepole juu ya sahani hiyo.

CHUMVI ISIYOCHANGANYIKA

Chumvi ya jikoni haitoshi, maana maji ya bahari yana pia kalsiamu, magnesiamu na vitu vingine. Yatakiwa chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hii, gramu 35 hivi kwa kila lita. Ichanganye ndani ya ndoo, si ndani ya tangi. Tia chumvi katika maji, wala usimimine maji juu ya chumvi. Chumvi nyingi ikikutana na maji machache, kalsiamu hushikana na kabonati, vikawa unga mweupe kama chokaa, na unga huo hauyeyuki tena kwa urahisi. Acha pampu izungushe maji usiku kucha, ndipo upime. Kipimo cha chumvi kionyeshe 1.025 hivi, na joto liwe kama digrii 25.

Ukikaa pwani waweza kuteka maji baharini. Lakini teka mbali na midomo ya mito na mifereji ya maji machafu, wala usiteke baada ya mvua kubwa.

BAKTERIA

Weupe ujao baada ya siku kadhaa, kama wa tui, ni jambo jingine. Hao ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja, lakini vikiwa mamilioni hufanya maji yawe kama maziwa. Katika mawe mapya mna vitu vilivyokufa, na pengine umetia chakula kingi. Bakteria wakipata chakula huzaana upesi. Chakula kikiisha, nao hupungua, na maji hutakata yenyewe. Mara nyingi huchukua siku chache, pengine juma moja au zaidi. Ukimwaga maji yote, waweza kuanza safari ile ile upya.

Hatari yao ni kwamba hutumia hewa iliyo ndani ya maji. Kwa hiyo elekeza pampu juu, uso wa maji utikisike, hewa iingie. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe kutoka Torquay akayaweka nyumbani kwake London. Ili yasife, mtumishi wake alimimina maji huku na huku kila siku mbele ya dirisha lililo wazi. Leo pampu ndogo hufanya kazi hiyo ya mtumishi.

Maji yakiwa ya kijani, si weupe, hiyo ni mimea midogo sana ipendayo mwanga. Punguza saa za taa, na usiweke tangi penye jua.

MAJI MAANGAVU NAYO HUDANGANYA

Sasa sikiliza vema, maana hapa ndipo samaki wengi hufia. Maji yakishatakata, mtu hufurahi akaenda kununua samaki siku hiyo hiyo. Kumbe maji yaweza kuwa maangavu kama kioo nayo yana sumu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, na amonia haina rangi. Kuna bakteria wema wanaokaa juu ya mawe na mchanga. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu. Wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo si kali kama hizo. Bakteria hawa huongezeka polepole, yapata majuma manne hadi sita. Katika siku hizo tia chembe kidogo za chakula tu, ili wapate riziki. Usioshe mawe wala chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, maana utawaua.

Nunua vipimo vya amonia na naitriti. Vyote viwili vikionyesha sifuri kwa siku kadhaa, hali wewe umeendelea kuwalisha bakteria, tia samaki mmoja mdogo. Ngoja, upime tena, kisha ongeza mwingine.

Je, kama umekwisha tia samaki? Mpe chakula kidogo sana, ongeza hewa, pima amonia. Ikiwapo, badilisha robo ya maji kwa maji mapya yenye chumvi na joto sawasawa, na urudie kadiri vipimo vitakavyoonyesha. Akihema juu ya uso wa maji, usingoje kesho.

Kumbuka pia samaki huyo ametoka wapi. Wengi wa maji ya chumvi hawakuzaliwa tangini. Walivuliwa hai katika miamba ya bahari, na pwani ya Kenya ni mojawapo ya mahali ambapo wapiga mbizi huwavua ili wapelekwe nchi za nje. Kiumbe aliyetolewa kwao safari ndefu namna hiyo hastahili kufa kwa sababu sisi tulishindwa kungoja mwezi mmoja.

Basi mpe mtoto daftari. Kila jioni apime pamoja nawe, aandike tarehe na kipimo. Akiuliza tena samaki watakuja lini, mwonyeshe ukurasa: siku zile sifuri zitakapofuatana, ndipo watakuja.